Gego Lililolala Ubavu

Zuwena mwanangu,

Nakuandikia ungali mtu wa nyumba hii, ingawa begi lako limeshafungwa na liko nyuma ya mlango kama mgeni asiyejua akae wapi. Wewe na mama yako mmekwenda Konde kumuaga bibi yako, nami nimeachiwa karafuu. Nimekaa barazani, jamvi liko mbele yangu, fimbo ya kuku iko ubavuni, na wingu moja juu ya minazi ya jirani silielewi nia yake. Kesho Mungu akipenda utakuwa Unguja, huko kwenye chuo chako cha ualimu, na karafuu hizi zitakuwa bado hazijakauka.

Habari za kula, kulala, kuvaa na watu wa kukaa nao siziandiki. Mama yako ameshazisema, na gatini atazisema tena mpaka meli ipige honi. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni gego lako.

Usikunje uso. Najua umechoka nalo, na mimi pia nimechoka. Jino hilo limenichosha kuliko msimu mzima wa karafuu, na msimu huu, unaona mwenyewe, umenimaliza magoti.

Juzi nilikuwa uani naosha miguu, nikakusikia jikoni. Ulimwambia mama yako, "Mie sing'oi, mama. N'taja kuwa na mdomo kama wa baba." Mama yako akakunyamazisha, "Taratibu, babaako yupo uani." Nami nikaendelea kuiosha miguu iliyokwisha takata, kwa sababu sikujua niingieje.

Sikukasirika. Mdomo wangu ndio huu, na wewe umeutazama tangu utotoni. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Niliona kwamba unakwenda ng'ambo ya bahari kuamua jambo la taya lako kwa kunitazama mimi tu, na habari za mdomo wangu hujapata kuelezwa zote. Umesikia kipande cha kuchekesha. Kipande kingine kila mtu hukiruka, na mimi wa kwanza.

Kwanza nikukumbushe aliyoyasema daktari, maana siku ile shavu lako lilikuwa limefura na sidhani kama uliyasikia vizuri. Yule dada wa meno alituwekea picha ya taya kwenye mwanga. Magego yako mengine yalikuwa yamesimama sawasawa, na hili la mwisho, wanaloliita jino la akili, limelala ubavu ndani ya ufizi, kichwa chake kimemgota jirani yake. Akasema, "Mzee, jino hili si bovu. Limekosa nafasi." Akasema lingekuwa limekaa kimya, angetwambia tuliache, awe analitazama tu mara kwa mara. Lakini lako halikai kimya. Lilivimba Ramadhani ukafuturu kwa uji mtupu, likatulia, likavimba tena. Akasema mizizi yake iko karibu na mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya, na kwamba likitolewa, mdomo wa chini unaweza kufa ganzi. Mara nyingi ganzi huondoka yenyewe. Mara chache hubaki.

Kisha akakugeukia wewe. Unakumbuka? Akakuuliza, "Dada, weye wasemaje?"

Na mimi nikajibu, "Baada ya karafuu."

Yule daktari akanitazama, akakutazama wewe, akaiondoa picha kwenye mwanga. Wewe uliinamisha kichwa. Tukarudi Mtambile bila ya kusemezana, na nilijidanganya kuwa umenyamaza kwa sababu ya uvimbe.

Baada ya karafuu. Sijui kisiwa kingine ambacho maneno haya yameendesha maisha ya watu kama yanavyoendesha yetu. Tutaezeka baada ya karafuu. Tutamuoza baada ya karafuu. Mguu nitauonyesha hospitali baada ya karafuu. Si uvivu, wala si ujinga. Karafuu ikiiva haingoji mtu. Ikishafumbua ua lake juu ya mti, thamani yake imekwisha, na mwaka mzima wa nyumba umepotea. Kwa hiyo tunajifunza tangu utotoni kwamba kila kitu kingine kinaweza kungoja, hata mwili. Miaka mingi niliamini hivyo, na mwili ukangoja kweli, mpaka siku ulipokataa.

Mwaka wa harusi ya dada yako Raya, gego langu la chini lilianza kunisumbua karafuu zikiwa ndiyo kwanza zimekuwa nyekundu. Lilikuwa limelala kama lako. Hayo mnayo kutoka kwangu, samahani. Nikafanya anachofanya kila Mpemba. Nikachukua karafuu, nikaitafuna, nikaibana pale. Na karafuu si uongo, Zuwena. Inaua maumivu kweli, na hilo ndilo lililoniponza. Ingekuwa haina nguvu, ningekwenda hospitali siku ya tatu. Ilikuwa na nguvu, basi nikawa napanda mkarafuu nikiwa na karafuu mdomoni, nashuka, nabadilisha nyingine, napanda tena. Zilipoacha kutosha, nikaanza pamba na mafuta ya karafuu. Ufizi ukababuka ukawa mweupe. Mama yako akaniambia, "Baba Raya, nenda kaonyeshe jino." Nikamwambia maneno unayoyajua.

Maumivu yalinyamaza, lakini maradhi yalikuwa yanaendelea na kazi yake chini kwa chini, wala hayakuwa na haraka.

Siku mbili kabla ya harusi taya likaanza kukaza. Asubuhi ya ndoa yenyewe nikaamka meno yameshikana, hata ncha ya kijiko haipiti. Ami yako Hamadi alikuja kunichukua, akanikuta nimekaa kitandani nimevaa kanzu mpya. "Kaka, una n'ni? Hebu fungua mdomo." Nikamtikisia kichwa. "Haufunguki?" Nikatikisa tena. Hamadi unamjua, kila kitu kwake ni kicheko. Siku ile hakucheka. Akakaa karibu yangu, akanishika bega.

Wewe ni mwalimu wa madrasa, sina haja ya kukufundisha nini kazi ya walii. Watu wengi siku hizi wanampa shehe wakala, anawaozeshea, yanakwisha. Kwetu haikuwa hivyo. Babu yako aliwaozesha mashangazi zako wote kwa ulimi wake mwenyewe, na mimi tangu Raya azaliwe nilijua siku moja nitamshika mkono kijana wa watu na kumwambia nimekuozesha binti yangu. Maneno yale niliyapitia njiani, nikiwa juu ya mti, nikiwa naoga. Mama yako alikuwa akinicheka.

Basi msikitini nikaushika mkono wa Faki, bwana harusi. Mkono wake ulikuwa umelowa jasho. Shehe akasema, "Haya mzee, tuko tayari." Nikajaribu. Kilichotoka hapo nakionea haya hadi leo. Ni sauti ya ng'ombe aliyefungwa mdomo. Nyuma kuna mtu akacheka, si kwa ubaya. Faki maskini akadhani nimekasirika, akaanza kuuondoa mkono wake. Nikauvuta, nikauweka ndani ya mkono wa Hamadi. Shehe akaleta sikio lake mdomoni kwangu, akaniuliza kama nimempa ndugu yangu wakala. Nikasema ndiyo kwa pua. Hamadi akaozesha.

Hicho ndicho kipande mnachokijua, na ndicho Hamadi anachokisimulia kila sikukuu: "Raya wangu mie, ndiye miye niliyemuoza, huyu kaka hana haki naye." Tunacheka, nami nacheka nanyi.

Sasa hiki unachokijua nusu. Msikitini kulikuwa na kipaza sauti, na nyumbani wanawake walikuwa wamekaa kimya wanasikiliza. Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa umelala mapajani kwa bibi yako. Raya alikuwa amekaa juu ya mkeka, hina haijatoka mikononi, anangoja kuisikia sauti yangu. Akasikia ya ami yake. Mama yako aliniambia baadaye kwamba alisimama palepale, hina na yote. "Ile si sauti ya baba. Baba kafanywa nini? Kakataa? Kafa?" Wakamshika. Hakutulia. Ilibidi nitolewe msikitini kabla ya halua kuliwa, niletwe mpaka dirishani nionekane. Alinitazama mimi, nami nikamtazama yeye. Machozi yalikuwa yanamtoka, na sikuwa na neno hata moja la kumpa, kwa sababu mdomo niliokuwa nikiunyamazisha msimu mzima ulikuwa umenyamaza kwelikweli.

Inaniuma mpaka leo. Hamadi akianza hadithi yake, mimi naliona dirisha lile.

Nilipelekwa hospitali nikatiwa dawa ya sindano siku kadhaa mpaka uvimbe ukapungua, kisha gego likatolewa kwa taabu. Ganzi ya daktari ilipotoka, upande mmoja wa mdomo wangu wa chini haukuamka. Wakasema tungoje. Tukangoja, ukarudi kidogo, kisha ukasimama hapo. Ndiyo maana chai hunimwagikia bila kujua. Ulikuwa na mchezo wako, ukiniona nimekaa na kikombe unakuja mbio na ncha ya ukaya wako wa kichwani unanifuta kidevu. "Baba, umemwaga tena." Ulidhani nafanya makusudi ili uje. Kuna siku nilifanya makusudi.

Kwa hiyo ni kweli, mdomo huu ulikufa ganzi baada ya jino kutolewa. Lakini je, ni mkono wa daktari, au ni maradhi niliyoyafuga chini ya karafuu? Nilimuuliza yule dada wa meno, siku ile ulipotoka kwenda kunawa. Akaniambia kwa adabu kwamba hawezi kujua. Taya lililooza kwa usaha ni kazi ngumu kwa mkono wowote, akasema, lakini pia huenda mizizi ilikuwa imeukumbatia mshipa tangu mwanzo, na hata ningekwenda mapema ningeweza kutoka hivi hivi. Ningependa kukwambia kosa lilikuwa langu tupu, ungalipata wepesi wa kuamua. Au kwamba lilikuwa la daktari, ungalipata wepesi wa kukataa. Sina hata moja kati ya hayo. Ninacho kidevu kinacholowa chai.

Ngoja, wingu linashuka.

Nimerudi. Lilikuwa la kudanganya, matone machache tu, lakini nimelikunja jamvi na kulikunjua tena, na mgongo umenitukana. Kuku wamefaidi.

Nilikuwa nataka kusema habari ya hofu yako, ile usiyoisema jikoni. Mdomo uliopinda ni jambo dogo kwako, wewe si mtu wa vioo. Wewe unakiogopea kisomo chako cha Kurani. Alasiri unapokaa na watoto wa madrasa ukawasomesha, nami huwa napita nyuma ya ukuta na jembe, husema nimepita tu. Si kweli. Husimama. Unapomsahihisha mtoto, unamwambia afunge midomo kwanza ndipo atoe herufi, hufanya na mimi, hufunga midomo yangu, na upande mmoja hauitiki. Miye herufi zangu zimelegea na Mwenyezi Mungu anazijua. Lakini ulimi na mdomo wako ndicho kitu kizuri kuliko vyote vilivyotoka katika nyumba hii, na wazo kwamba kisu kipite karibu navyo linanitetemesha.

Sasa unajua kwa nini nilisema baada ya karafuu. Nilimwambia mama yako ni kwa sababu ya kazi. Kazi ilikuwepo, lakini niliogopa kuipoteza sauti yako, nikaitafutia hofu yangu jina la msimu. Hamadi aliponiona nasitasita akanipiga methali: "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Nikamjibu kuwa methali ni nyepesi kwa mtu ambaye meno yake yote yamesimama.

Majirani nao watakwambia dawa ya jino bovu ni kung'oa. Wambie lako si bovu. Bibi yako leo pengine amekwambia kuwa ukitoa gego utauharibu mshipa wa jicho. Bibi yako hajali kama gego ni la juu au la chini, kwake mishipa yote inaishia machoni. Mpe heshima yake, umwitikie, usibishane naye.

Nami ukiniuliza, ingawa hukuniuliza, ningelitoa wakati limetulia, nikiwa na umri wako na mfupa wako. Yule dada alisema kijana hupona upesi zaidi, na kwamba huko Unguja kuna picha nyingine inayoonyesha vizuri zaidi mshipa umepita wapi. Alisema pia kuna wakati mtaalamu huondoa kichwa cha jino tu na kuiacha mizizi ilale, kama mshipa uko karibu mno. Sikuyaelewa yote. Waulize. Uliza mpaka uone umewachosha, kisha uliza tena, maana mimi juu ya jino lako sikuuliza hata moja, nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye mti.

Lakini huyo ni mimi, na mimi ni mtu aliyeumwa na nyoka, kila ung'ongo naogopa. Huenda ukaitazama picha ile ukaona hatari ya mshipa ni kubwa kuliko uvimbe wa mara mojamoja. Ukikataa kwa sababu umeuliza na umeelewa, sitakuwa na neno. Nitaudhika ukikataa kwa sababu ya kidevu changu. Hicho usikisafirishe.

Nimechoka, Zuwena, sikufichi. Nimechoka kupanda, nimechoka kukauka na kulowa na karafuu hizi, na zaidi nimechoka kuwa na kauli juu ya kila kitu cha kila mtu. Mtu huanza kuwaamulia watoto kwa sababu hawajui kusema, kisha wanajua kusema naye hajui kunyamaza. Siku ile kwa daktari uliulizwa wewe. Ulikuwa na jibu, niliona midomo yako ikifunguka kwa shida na uvimbe ule. Nikajibu mimi.

Hamadi alisema kwa niaba yangu msikitini kwa sababu nilimpa wakala mbele ya watu, na alipomaliza kazi yake wakala ukaisha. Mimi wewe hukunipa wakala wowote. Niliuchukua tu, nikautumia kwenye jino lako kama baba. Leo naurudisha. Watakapokuuliza tena, wewe wasemaje, jibu litakuwa lako, nami huku nitalipokea lolote litakalokuwa, nikiogopa au nisiogope. Na siku ya ndoa yako, Mungu akitufikisha, mdomo huu utakuwa umelegea upande mmoja lakini utafunguka. Nitayasema mwenyewe yale maneno, na kipaza sauti kiwe karibu, ili uisikie sauti yangu uijue.

Nasikia gari linasimama barabarani, nadhani ni nyinyi. Nimalizie.

Mama yako amekutilia kichupa cha mafuta ya karafuu ndani ya begi, amekiviringisha kwenye kanga ya buluu. Nilikiona asubuhi, nikakitoa, nikakaa nacho mkononi kwa muda. Kisha nikakirudisha. Mafuta ni mazuri, na usiku mmoja wa maumivu mbali na nyumbani ni mrefu. Tumia usiku huo mmoja, mwanangu. Usiku wa pili usikifungue, nenda.

Radhi zangu unazo, ukilitoa au ukiliacha.

Baba yako